Masomo Huhama, Alama Hubaki

Alasiri moja ya juma lililopita, tulipokuwa tukitoka msikitini, tulimkuta mama mmoja wa mtaa wetu amesimama karibu na lango pamoja na bintiye, mkononi ameshika bahasha ya kaki. Baada ya kusalimiana alituambia, "Maalim, tusomee karatasi hii. Mwanangu amesogezwa mbele au amerudishwa nyuma?"

Binti huyo alikuwa amesoma mwaka na nusu katika chuo kikuu kimoja cha bara. Babake alipopatwa na kiharusi, ikawa hapana budi arudi karibu na nyumbani, amsaidie mamake kumhudumia mgonjwa na kuwaangalia wadogo zake. Chuo kimoja cha hapa Pwani kikakubali kumpokea. Barua ilisema kwamba katika masomo 15 aliyoyamaliza, 12 yamekubaliwa. Kuhusu alama zake haikutamka neno. Na alama hizo ndizo zilizokuwa fahari ya nyumba ile, kwani wastani wake ulikuwa 76, na katika vyuo vyetu vingi daraja la kwanza huanzia 70.

Ilitubidi tumweleze mama yule jambo ambalo wazazi wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Chuo kinapolipokea somo lililosomwa kwingine, aghalabu hulipokea somo peke yake. Huandika kwamba mwanafunzi amesamehewa kulisoma tena, lakini ile 80 au 76 aliyoipata haiingii katika wastani wa chuo kipya. Wastani huanza upya, nao hujengwa kwa masomo atakayoyafanya pale tu.

Sisi tuliokulia madrasa hatulioni hili kuwa geni. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma juzuu kumi kwa maalimu mmoja akienda kwa mwingine, huyu wa pili humkalisha mbele yake na kumwambia, "Haya, nisomee." Si kwamba anamdharau mwenzake, anataka kusikia kwa masikio yake. Vyuo vikuu navyo vinajua kwamba 70 ya mtahini mmoja si lazima iwe sawa na 70 ya mwingine.

Tukachukua kalamu. Tuseme shahada ina masomo 40. Binti amekuja na 12, yamebaki 28. Ikiwa katika hayo 28 atapata wastani wa 68, basi daraja lake ni la pili la juu. Lau zile 12 zenye wastani wa 76 zingehesabiwa pamoja, angefika 70.4, nalo ni daraja la kwanza. Ni mtoto yule yule na juhudi ile ile, ila vyeti viwili tofauti. Mama aliinamisha kichwa. Binti alikuwa ameshaifanya hesabu hiyo; tulimwona usoni.

Hesabu hiyo hugeuka kwa aliyefanya vibaya alikotoka. Aliyevuka kwa 45 na 48 hupumua, maana udhaifu ule hauuvuti chini wastani mpya. Hata hivyo asidhani umefutwa. Hati ya matokeo ya chuo cha kwanza hubaki kuwa yake maisha yake yote. Vijana wetu walioko Marekani wanalijua hili vizuri: wengi huanzia chuo cha jamii cha miaka miwili, kisha huhamia chuo kikuu, ambacho mara nyingi hukubali somo lililopata C au zaidi na kuanza wastani mpya. Lakini anayeomba kusomea udaktari huko hudaiwa hati za kila chuo alichopitia, na alama zote huhesabiwa pamoja.

Liko jambo jingine ambalo hatuoni likitajwa sana. Wastani unaoanza upya ni mwepesi kuyumba. Mwanafunzi mwenye masomo 20 yenye 65 kila moja, likimwangusha moja kati ya hayo kwa 30, hushuka hadi 63 na ushei tu. Mhamiaji mwenye masomo matano ya muhula wa kwanza, likimpata hilo hilo, hujikuta na 58, amekwisha kuteremka daraja. Na muhula huo wa kwanza ndio wa ugeni, wakati hajawazoea walimu wala mitihani yao. Kwa maoni yetu, ndio muhula ambao nyumbani hapafai kumtwisha kazi nyingi, hata kama alirudi kwa ajili ya kazi hizo.

Sheria za Kenya zinaitambua hali ya kuhama. Mamlaka ya sifa za elimu, KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, imepewa pia jukumu la kurahisisha uhamisho wa masomo baina ya taasisi. Lakini kiasi kinachohamishwa huwa na mpaka, na kila chuo hulinganisha mihtasari ya masomo chenyewe. Somo lenye jina moja huweza kukataliwa kwa kuwa yaliyomo si mamoja. Ndiyo maana mwanafunzi anayehama hupaswa kubeba mihtasari kamili ya masomo aliyoyasoma, pamoja na hati rasmi ya matokeo. Mwenye deni la karo huenda akanyimwa hati hiyo, basi deni litazamwe mapema.

Jumatatu tulifuatana nao hadi ofisi ya msajili. Tulimshauri binti aulize mwenyewe, naye akauliza kwa adabu: je, alama za masomo 12 zitaingia katika wastani wa shahada? Akajibiwa kwamba hazitaingia. Akaomba jibu hilo kwa maandishi, akapewa siku ile ile. Kisha akaomba masomo matatu yaliyokataliwa yatazamwe tena, akaacha mihtasari yake pale mezani.

Ndani ya matatu, tukirudi, mamake alimuuliza kama anajuta. "La, mama," akasema. "Nataka kujua tu asubuhi zangu za darasa nani atakaa na baba." Mama akamtajia shangazi wa Majengo, ambaye alikuwa amekwisha kuahidi Jumatatu na Jumatano. Siku tatu zilizobaki bado wanazitafutia mtu.