Mzazi ana saratani ya umio: kipimo kipi kinaonyesha kama atapona?

Mzee anaanza kuacha ugali. Anasema umemshinda tu, apikiwe uji. Wiki chache baadaye hata wali haushuki, kila tonge lazima lisindikizwe na maji. Nyumbani mnasema ni vidonda vya tumbo, zinanunuliwa dawa za kupunguza asidi. Mpaka afike kwenye kipimo cha mpira wenye kamera, mara nyingi miezi imeshapita, na majibu ya kinyama yanarudi yakisema ni saratani ya umio, yaani ile njia inayopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Hapo ndipo mtu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo anapoandika: "Kuna kipimo cha damu cha alama za saratani. Apimwe tujue kama kuna haja ya kuuza shamba."

Ni swali la haki, na ni zito. Upasuaji wa umio ni mkubwa: sehemu kubwa ya umio huondolewa, kisha tumbo huvutwa juu lichukue nafasi yake. Hakuna familia inayotaka kuingia humo bila kujua inaelekea wapi. Tatizo ni kwamba kipimo kinachotajwa kwenye kundi hakiwezi kulibeba swali hilo.

Alama za saratani ni vitu, hasa protini, vinavyotengenezwa na uvimbe wenyewe au na mwili unaopambana nao. Nyingine huonekana kwenye damu. Kwa saratani ya umio zinazotajwa zaidi ni CEA, SCC na CYFRA 21-1. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa wagonjwa wanaoingia kwenye upasuaji wakiwa na viwango vya juu vya alama hizi kwa jumla huishi muda mfupi zaidi. Ni kweli, lakini hilo linahusu kundi la watu wengi. Mtu mmoja mmoja anaweza kwenda kinyume kabisa. CEA hupanda hata kwa mvutaji sigara asiye na saratani. SCC hupanda kwa mwenye figo mbovu au ugonjwa wa ngozi kama soriasisi. Na wapo wenye uvimbe mkubwa ambao damu yao inasoma kawaida kabisa, jambo ambalo ni hatari zaidi kwa mtu ambaye bado hajaenda kupimwa kwa kamera. Kwa maoni yangu, fedha ya vipimo hivyo vya damu ni heri ingekuwa nauli ya kwenda kwenye kipimo cha mpira mapema.

Kinachoonyesha zaidi mgonjwa ataishi muda gani bado ni mambo ya zamani: uvimbe umeingia kina gani kwenye ukuta wa umio, tezi ngapi za limfu zimeguswa, na kama ugonjwa umefika ini au mapafu. Ndiyo maana daktari husisitiza CT scan kabla ya kutaja kisu.

Kuna jambo jingine linaloonekana katikati ya safari. Uholanzi walifanya utafiti uitwao CROSS, uliochapishwa mwaka 2012, kwa wagonjwa 366 ambao uvimbe wao ulikuwa bado unaweza kuondolewa. Nusu yao walipasuliwa moja kwa moja. Wengine walipewa kwanza wiki tano za kemo na mionzi, ndipo wakapasuliwa. Waliopasuliwa tu, nusu yao waliishi kupita miezi 24. Walioanza na kemo na mionzi, nusu yao waliishi kupita miezi 49. Na wenye saratani ya seli bapa, ambayo kwenye karatasi ya majibu huitwa skwamasi, ndio waliofaidika zaidi: karibu nusu yao, umio ulipotolewa na kuchunguzwa maabara, haukukutwa na seli hai hata moja ya saratani.

Hili linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu saratani ya umio ya Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa sana ni hiyo ya seli bapa. Ukanda wake unatoka Ethiopia na kushuka Kenya, Tanzania hadi Malawi. Kule Bomet, Kenya, madaktari wa Hospitali ya Tenwek walichapisha mwaka 2010 taarifa ya wagonjwa 109 waliokuwa na umri wa miaka 30 au chini. Kwa hiyo kijana wako akisema chakula kinakwama, usimwambie anakula haraka.

Turudi kwenye alama, kwa sababu zipo zenye kazi, na hupimwa kwenye kile kinyama chenyewe. HER2 ni mojawapo. Tangu mwaka 2010 inajulikana kuwa dawa ya trastuzumab huongeza maisha ya wenye saratani ya tumbo, au ya pale umio unapoungana na tumbo, iliyokwisha kusambaa na yenye HER2 nyingi. Wengi wakatumaini itasaidia pia wanaopasuliwa. Ilipojaribiwa Marekani pamoja na kemo, mionzi na upasuaji, majibu yaliyotoka mwaka 2022 hayakuonyesha faida ya wazi. Tena jaribio hilo lilihusu saratani ya seli za tezi. Kama mzazi wako ana ya seli bapa na mnaambiwa mlipie HER2, muulizeni daktari kwa heshima: majibu yake yatabadilisha nini?

Nyingine ni PD-L1, inayohusiana na dawa zinazoamsha kinga ya mwili. Mwaka 2021 ilionekana kuwa wagonjwa waliopata kemo na mionzi, wakapasuliwa, na bado mabaki ya saratani yakakutwa, walikaa wastani wa miezi 22 bila ugonjwa kurudi walipopewa nivolumab, dhidi ya miezi 11 kwa wasiopewa. Lakini kukaa bila ugonjwa kurudi si sawa na kuishi muda mrefu zaidi, na bei ya dawa hiyo familia nyingi haziiwezi. Si dhambi kulisema hilo mbele ya daktari, ili mpango upangwe kwa kile kinachowezekana.

Wakati majibu yakisubiriwa, nyumbani kuna kazi. Mgonjwa anayepungua uzito huumia zaidi kwenye upasuaji, kwa hiyo uji uwe na maziwa, karanga, mayai na mafuta, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Sigara na pombe viachwe. Chai iachwe ipoe kwa kila mtu mezani: mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hii. Asiyeweza kumeza kabisa na asiyefaa kupasuliwa anaweza kuwekewa stenti, bomba dogo la kutanua njia, apate kula tena.

Na ombeni nakala ya majibu ya kinyama, mpige picha kwa simu. Pale pana namba. Kipande kilichochukuliwa hugandishwa kwenye nta na kubaki maabara, na kwa namba hiyo kinaweza kupimwa alama nyingine baadaye, bila mzee kuingizwa mpira mara ya pili.