Kubandua na Kubandika: Kumweleza Mtoto wa Lubumbashi Kazi ya Hannah Höch

Neno la kigeni likimfikia mtoto bila kitenzi, atalikariri leo na kulisahau kesho. Fotomontaji ni neno la namna hiyo. Katika makala haya naeleza jinsi nilivyowafundisha watoto kumi na wawili wa mtaa wa Katuba, wenye umri wa miaka minane hadi kumi na mmoja, sanaa hiyo pamoja na habari za mwanamke mmoja aliyekuwa kati ya waanzilishi wake. Naeleza pia kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa lugha.

Hannah Höch alizaliwa Gotha, Ujerumani, mwaka 1889. Kuanzia 1916 hadi 1926 alifanya kazi katika shirika la uchapishaji la Ullstein, Berlin, akichora mitindo ya tarizi na kufuma kwa ajili ya magazeti ya wanawake. Magazeti hayohayo ndiyo aliyoyakata ili kutengeneza picha zake. Alikuwa katika kundi la Dada la Berlin, na mwaka 1920 kundi hilo lilipoandaa maonyesho ya kimataifa, George Grosz na John Heartfield hawakutaka ashiriki. Alishiriki hata hivyo. Kazi yake kubwa ya wakati ule inataja kisu cha jikoni katika jina lake. Ndani yake vichwa vya wanasiasa vimekaa juu ya miili isiyo yao, katikati ya magurudumu ya mashine, na pembeni kuna ramani ya nchi za Ulaya ambazo wanawake walikuwa wamepata haki ya kupiga kura. Kwa watoto, kisu cha jikoni kilitosha kuwavuta: chombo cha mama kimegeuka chombo cha kusema.

Sasa neno lenyewe. Wanadada wa Berlin walilichukua kutoka kwenye karakana. Kwa Kijerumani, kama kwa Kifaransa, «monteur» ni fundi anayeunganisha vipande vya mashine. Mtoto wa Lubumbashi, mji uliojengwa na migodi na viwanda vya shaba, hahitaji maelezo marefu hapo, maana kila ukoo una babu au mjomba aliyewahi kushika spana. Lakini «kuunganisha» ni nusu tu ya kazi. Kiswahili kinatupa jozi iliyo bora zaidi: kubandika na kubandua. Kiambishi -ua hurudisha nyuma tendo, kama katika funga na fungua, tega na tegua. Fotomontaji inahitaji matendo yote mawili. Kwanza unaibandua picha kutoka mahali ilipozaliwa, yaani tangazo, habari au kalenda. Kisha unaibandika mahali ambapo haikutarajiwa. Maana mpya huzaliwa katika safari hiyo.

Kwa hiyo sikuanza na historia. Nilileta magazeti ya zamani, makasi na gundi, nikaweka sharti moja: kabla ya kubandika kipande, useme kilitoka wapi. Msichana mmoja alimpa mwanamke wa tangazo la sabuni macho ya mchezaji wa mpira. Mwenzake akauliza, «Yaya, ile macho ni ya nani?» Ndilo swali lililofaa kuliko yote. Tulipolijadili kwa muda, niliwaambia kwamba Höch aliwahi kutengeneza pia kitabu cha picha, mwaka 1945, chenye wanyama na mimea ya kubuni iliyounganishwa kwa vipande. Hapo jina lake likawaingia.

Swali la «ya nani» halimwachi hata Höch mwenyewe. Kuanzia miaka ya 1920 alitengeneza mfululizo unaohusu jumba la makumbusho ya ethnografia, akiunganisha picha za sanamu za Afrika na kwingineko na miili ya wanawake wa Ulaya. Wapo wanaoona humo kejeli dhidi ya namna Ulaya ilivyomtazama mwanamke na mgeni. Lakini waliochonga sanamu zile hawakuulizwa. Leo Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, anakata magazeti ya mitindo na michoro ya zamani ya kitabibu ili mwanamke Mwafrika awe mwenye kutazama, si kitu cha kutazamwa tu. Na hapa kwetu Sammy Baloji, katika mfululizo wake uitwao Mémoire wa mwaka 2006, aliwatoa wafanyakazi wa mgodi katika picha za kumbukumbu za kikoloni, zisizo na rangi, akawasimamisha mbele ya mitambo iliyokufa, yenye rangi. Niliwaonyesha watoto kazi hiyo. Bomba la moshi walilitambua mara moja.

Nirudi kwenye lugha. Katikati ya kazi mvulana mmoja aliuliza, «Yaya, kole iko fasi gani?» Mtu mzima aliyekuwa karibu akamkemea: «Sema Kiswahili bora!» Mtoto akanyamaza. Tuichambue sentensi yake. «Kole» imebanduliwa kutoka Kifaransa. «Fasi» ni «nafasi» iliyofupishwa na kupewa maana ya mahali. «Iko» hapa inafuata kanuni ambayo kila mzaliwa wa mji huu anaijua bila kufundishwa. Vipande vina asili mbalimbali, na viungo vinaonekana, kama katika picha za Höch, ambaye hakuficha alama za makasi.

Mfano huu una mpaka wake. Msanii huchagua kipande kwa makusudi, lakini yule mvulana aliikuta lugha yake imeshaunganishwa, yenye sarufi kamili. Hata hivyo mfano unasaidia kwa jambo moja: kuonekana kwa kiungo si dalili ya ubovu. Kiswahili bora afundishwe, maana atakihitaji shuleni na nje ya Katanga. Ila akifundishwa kwa kukemewa, hujifunza kwanza kunyamaza.

Wenzangu watakaokwenda kufundisha wanaweza kujaribu zoezi hili kwa magazeti matano na chupa moja ya gundi. Waanze na vitenzi, waulize kila kipande kilitoka wapi, na wamwache mtoto ajibu kwa Kiswahili alichokuja nacho.