Mwalimu Asiye na Darasa

SOMO LA REDIO KWA VIKUNDI VYA WATU WAZIMA

Natumaini mmekwisha kaa katika vikundi vyenu, na kwamba msimamizi ana ubao na kipande cha chaki karibu naye, maana leo tutamwomba achore kidogo.

Juma lililopita tulipokea barua ya mama mmoja. Anasema hivi: kijana wake wa kidato cha pili hukaa jioni na simu, akitazama mtu anayesema upesi upesi kwa Kiingereza huku picha za rangi zikicheza nyuma yake. Akiulizwa, kijana hujibu kwamba anasoma elimu ya viumbe. Mama huyo anauliza maswali mawili. Je, huko ni kusoma kweli, au ni mchezo? Na yule mtu wa kwenye simu, hiyo ni kazi gani anayoifanya?

Maswali hayo ni mazuri, na kuuliza si ujinga. Leo nitayajibu kwa kuwaeleza habari za mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo, Bwana Hank Green wa Marekani.

Lakini kwanza niseme kwa nini swali hili linanigusa. Nilipokuwa shule ya sekondari, tulifundishwa chembe hai, ambayo vitabu siku hizi huiita seli, kwa kuchora duara ubaoni. Hadubini hatukuwa nayo. Tulichora duara, tukatia nukta katikati, tukaandika majina pembeni, tukakariri. Katika mtihani nilipata alama nzuri. Lakini mtu angeniuliza chembe hai ni nini, ningemwambia kwamba ni duara lenye nukta. Sikujua kwamba mwili wangu mwenyewe umejengwa kwa chembe hizo, wala kwamba zinakula, zinazaana na kufa. Nililijua jina, kitu chenyewe sikukijua. Hapana shaka wengi wenu mmepata kuona jambo kama hilo.

Sasa tumtazame Bwana Green. Alizaliwa mwaka 1980 katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, akakulia Orlando katika jimbo la Florida. Chuoni alisoma kemia ya viumbe, yaani elimu ya vitu vinavyofanyika ndani ya miili yenye uhai. Baadaye akapata shahada ya pili, ya mambo ya mazingira, katika Chuo Kikuu cha Montana. Akaweka maskani yake Missoula, mji ulio katika jimbo hilohilo, mbali na miji mikubwa ya sinema. Angalieni basi: mtu huyu si profesa, wala hakuwa mtafiti mwenye jina. Alikuwa na elimu ya kutosha kusoma maandishi ya wataalamu na kuyaelewa, tena alikuwa na hamu ya kuyasimulia.

Tarehe 1 Januari, 2007, yeye na kaka yake John, ambaye ni mwandishi wa vitabu, walianza jambo lililoonekana kama mzaha. Walikubaliana kwamba mwaka mzima hawataandikiana barua wala ujumbe. Badala yake watatumiana video fupi katika YouTube, siku za kazi, kila mmoja kwa zamu yake, na mtu yeyote aweza kuzitazama. Mwanzoni watazamaji walikuwa wachache. Mwezi wa Julai mwaka huohuo, Hank aliimba wimbo wa kuchekesha juu ya kitabu cha mwisho cha Harry Potter kilichokuwa karibu kutoka, na wimbo huo ukawaletea watazamaji wengi. Mwaka ulipokwisha, ndugu hao hawakuacha.

Nataka mlishike jambo hili. Mtu huyu hakupata watazamaji kwa kufundisha elimu ya viumbe. Kwanza alizoeana na watu, akawachekesha, wakamjua. Hata mwalimu wa kijijini hufanya vivyo hivyo: hukaa na watu, huhudhuria misiba na harusi zao, ndipo wakaja darasani kwake.

Miaka mitano baadaye, mwezi wa Januari 2012, ndugu hao walianza masomo yaitwayo Crash Course. John alifundisha historia ya dunia, na Hank akafundisha elimu ya viumbe. Masomo yake ya kwanza yalikuwa 40, kila moja la dakika kumi na kitu. Wakati huohuo Hank alianzisha mfululizo mwingine, SciShow, unaojibu maswali ya sayansi ya kila namna.

Somo la kwanza kabisa la elimu ya viumbe lilihusu kaboni. Huenda mkashangaa. Kwa nini mwalimu wa viumbe asianze na simba, au mti, au mwanadamu? Sasa msimamizi ashike chaki, tutaona sababu.

Kaboni ndiyo ile inayofanya makaa yawe meusi. Chora duara dogo, hiyo ni kiini cha chembe moja ya kaboni, ndogo kupita kiasi cha kuonekana. Kukizunguka kiini hicho kuna elektroni 6. Chora duara la kwanza lenye elektroni 2, hilo limejaa. Chora duara la pili, nje yake, lenye elektroni 4. Sasa sikilizeni vizuri: duara hilo la nje lina nafasi 8. Kwa hivyo kaboni ina nafasi 4 zilizo wazi, nayo haitulii mpaka zijae. Ni kama mtu mwenye mikono minne, kila mkono ukitafuta mkono wa kushika.

Haidrojeni ina elektroni 1 tu, yaani mkono mmoja. Kaboni moja ikishikana na haidrojeni nne, mikono yote imepata mwenzake. Kitu kilichopatikana chaitwa methani. Ninyi mliokwisha ona jiko linalowashwa kwa gesi ya samadi ya ng'ombe mnaijua methani: ndiyo inayowaka pale.

Lakini kaboni yaweza pia kushikana na kaboni nyingine, na hiyo na nyingine, mpaka ukapatikana mnyororo mrefu, au pete, au mnyororo wenye matawi. Minyororo hiyo ndiyo mafuta ya kupikia, ndiyo sukari, ndiyo wanga wa muhogo, ndiyo nyama ya mwili. Basi simba, mti na mwanadamu wote wamejengwa juu ya mikono hiyo minne ya kaboni. Mwalimu aliyeanza na kaboni hakupotea njia. Alianza na tofali kabla ya kuonyesha nyumba.

Msimamizi aweza kuweka chaki chini. Sasa tuulize: kazi hii hufanywaje? Wengi hudhani kwamba mtu hukaa mbele ya kamera na kusema lolote linalomjia. Sivyo. Kwanza somo huandikwa neno kwa neno. Kisha mtu mwingine hulipitia na kuhakikisha kila jambo kwa maandishi ya wataalamu. Halafu hurekodiwa, na mhariri hukata sehemu zilizoharibika. Wachoraji hutengeneza picha zinazotembea, na mwingine hutia sauti. Dakika kumi unazozitazama ni kazi ya watu wengi. Yule unayemwona usoni ni mmoja wao tu.

Na nani huwalipa? Hapo ndipo kazi hii ilipo ngumu. Mwanzoni Crash Course na SciShow zilisaidiwa na fedha za YouTube yenyewe, ambayo wakati ule ilikuwa ikiwapa fedha watengenezaji ili watoe vipindi vizuri zaidi. Msaada huo haukuwa wa kudumu. Fedha za matangazo ya biashara nazo hupanda na kushuka, tena huwapendelea wenye kuvuta macho kuliko wenye kufundisha. Basi mwaka 2013 ndugu hao walianzisha njia iitwayo Subbable, ambapo mtazamaji aliyependa aliweza kutoa fedha kidogo kila mwezi, na asiye nazo akatazama bure vilevile. Mwaka 2015 Subbable ilinunuliwa na kampuni ya Patreon yenye kazi ya namna hiyohiyo. Haba na haba hujaza kibaba: masomo yalibaki bure kwa sababu wachache waliojiweza walikubali kuwalipia wengi.

Sasa nifike kwenye jambo zito. Mwezi wa Mei 2023 Bwana Green aliwaambia watazamaji wake kwamba ana saratani. Alikuwa ameona tezi zake zimevimba, akaenda kwa daktari, kipande kikakatwa na kupimwa. Ugonjwa ulikuwa ule uitwao limfoma ya Hodgkin, kwa jina la Thomas Hodgkin, daktari Mwingereza aliyeandika habari zake mwaka 1832.

Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti, ambazo ni askari wa mwili. Chembe hai ya kawaida hugawanyika kwa amri, na ikichakaa hufa. Chembe ya saratani imeacha kusikia amri, hugawanyika tu. Dawa za kemotherapi huziua chembe zinazogawanyika upesi. Lakini dawa haina macho ya kutambua adui na rafiki. Mashina ya nywele hugawanyika upesi, na ngozi ya ndani ya tumbo pia. Ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele na kutapika. Si kwamba amerogwa, wala si kwamba dawa imemdhuru kwa bahati mbaya. Dawa inafanya kazi yake, na chembe njema nazo huumia.

Mtu aliyekwisha eleza kugawanyika kwa chembe hai kwa watu wengi, sasa chembe zake mwenyewe zilikuwa zimeasi. Aliendelea kuwaeleza watazamaji matibabu yake kwa maneno wazi, bila kuficha hofu. Mwezi wa Agosti 2023 aliwatangazia kwamba vipimo havioni tena saratani mwilini. Baadaye alipanda jukwaani kuwachekesha watu kwa habari za ugonjwa huo, na onyesho hilo likatolewa mwaka 2024.

Nasi yafaa tujifunze hapa. Limfoma ya Hodgkin ni moja ya saratani zinazotibika vizuri zaidi. Mitoki mingi huletwa na vidonda au maradhi ya kawaida, wala si saratani. Lakini uvimbe wa shingoni, kwapani au kinenani ambao haupungui kwa majuma kadhaa, usiukande wala usiusubiri. Nenda hospitali ukapimwe. Hata huku kwetu elimu ya limfoma ina historia: Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 habari za uvimbe wa taya kwa watoto, ambao sasa huitwa kwa jina lake.

Je, walimu wa namna hii hawakosei? Hukosea, na sayansi yenyewe hubadilika. Kwa hiyo mwaka 2023 Crash Course ilianza kulifundisha somo la elimu ya viumbe upya, kwa mwalimu mwingine, Daktari Sammy Ramsey, mtaalamu wa wadudu. Yeye na wenzake walionyesha mwaka 2019 kwamba utitiri wa nyuki uitwao Varroa hula hasa mafuta ya mwili wa nyuki aliyekomaa, ilhali kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba hunyonya damu yake. Wafugaji wa nyuki wanaotusikiliza watajua kwamba jambo hilo si dogo: mafuta hayo ndiyo kama ini la nyuki. Na Bwana Green hakuona haya kwamba somo alilolifundisha yeye lifundishwe upya na mwingine. Mwalimu mwema hufurahi hivyo.

Sasa nimjibu yule mama. Mama yangu, hiyo ni kazi ya kweli: ni ualimu, na uandishi, na uchekeshaji, na biashara, vyote kwa pamoja. Kama kijana wako anasoma au anacheza, usimpime kwa simu yake. Mpime kwa maswali. Mwambie azime simu, achukue kijiti, akuchoree mchangani kile alichokitazama, akueleze kwa Kiswahili mpaka wewe uelewe. Akiweza, amesoma. Asipoweza, amepata jina tu, kama mimi na duara langu lenye nukta. Na umwulize pia: mwalimu huyo wa kwenye simu akikosea, husahihisha? Anaonyesha alikopata habari zake, au anauza dawa? Anayefundisha afya huku akiuza chupa, mwangalie kwa jicho la pili.

Hapo ndipo tunapokomea leo. Zungumzeni katika vikundi vyenu, na mtuandikie mliyokubaliana na yale mliyobishana. Kwa herini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini somo la kwanza la elimu ya viumbe lilianza na kaboni? Mmoja wenu achore tena ubaoni, bila kutazama karatasi hii.

2. Kwa nini mgonjwa anayepewa kemotherapi hunyonyoka nywele? Mngemwelezaje jirani anayesema kwamba amerogwa?

3. Masomo hayo yalibaki bure kwa kuwa wenye uwezo kidogo walichangia. Je, kuna elimu gani kijijini kwenu inayoweza kusimama kwa njia hiyo?

4. Kila mmoja ataje jambo moja alilolikariri shuleni bila kulielewa. Je, kuna mtu kikundini awezaye kulieleza?