Kwenda kwa Miguu katika Kiyunani

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 20, mna neno la Kiyunani lisilopatikana mahali pengine po pote katika Agano Jipya. Neno hilo ni pezeuein, na shina lake ni moja na la neno pous, maana yake mguu. Luka alilitumia katika kifungu cha 13, alipoeleza jinsi Paulo alivyotoka Troa kwenda Aso.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe, ambayo leo ni Uturuki. Troa ulikuwa mji wa pwani ya magharibi. Aso ulielekea kusini, mkabala wa kisiwa cha Lesbo. Kati yao yatokeza rasi iitwayo Lekto. Merikebu haikuwa na budi kuizunguka rasi hiyo, bali mtu wa nchi kavu aliweza kukata katikati. Kwa mstari ulionyoka ni yapata maili 20, ingawa njia yenyewe yazidi kidogo kwa sababu ya vilima. Basi wenzake walitweka tanga, naye Paulo akashika njia ya bara.

Je, alikwenda kwa miguu yake mwendo wote? Tafsiri nyingi zasema hivyo. Lakini Wayunani walikuwa na maana mbili. Askari waendao kwa miguu waliitwa pezoi, ili watengwe na wapanda farasi; hapo mguu ni mguu kweli. Tena neno lilitenga safari ya bara na safari ya bahari, wala halikuuliza kama msafiri amepanda mnyama. Hata Aristotle aliwaita wanyama wa nchi kavu kwa neno la shina hilo, wasichanganywe na wale wa majini.

Mfano ulio mzuri kuliko yote ni wa Isocrates, aliyeandika karibu mwaka 380 kabla ya Kristo. Alisimulia habari za Xerxes, mfalme wa Uajemi, ambaye mwaka 480 alipitisha jeshi lake juu ya daraja la mashua katika mlango wa bahari wa Helesponto, na kuchimba mfereji katika shingo ya nchi ya Athos. Isocrates alistaajabu kwamba mfalme huyu alifanya jeshi lisafiri kwa merikebu barani na kupezeuein baharini! Mlango ule hauko mbali na Troa.

Katika Marko 6:33 liko neno la jamaa hiyo, peze. Yesu aliondoka kwa mashua. Watu wakamwona, wakapiga mbio pwani, wakafika mbele yake. Hapo maana zote mbili zinakutana.

Kwa habari ya Paulo, lililo yakini ni kwamba hakuabiri pamoja na wenzake. Kama alipata punda, neno halisemi. Wala halisemi kwa nini alichagua njia ile, ijapokuwa wafasiri wamebuni sababu nyingi. Twajua tu kwamba usiku ule hakulala: alihubiri mpaka alfajiri, na kijana Eutiko akaanguka kutoka orofa ya tatu. Mwandishi, kama asemavyo mwenyewe kwa kuandika "sisi," alikuwa merikebuni. Hakuiona safari ile ya bara. Walimkuta Paulo huko Aso, wakampakia, wakaenda Mitilene.