Tanzania, na Baridi ya Mufindi

Tanzania, jirani wa kusini wa sisi Wakenya, ina eneo la kilomita za mraba 945,087, mikoa 31, na kwa sensa ya 2022 watu 61,741,120. Makao makuu ni Dodoma. Wananchi wengi ni wakulima, dhahabu inachimbwa, watalii huja kuona Serengeti na Kilimanjaro. Hayo yamo vitabuni.

Kilichonikamata mimi ni Mufindi, kwenye nyanda za juu za kusini mwa nchi hiyo, mwezi wa Mei. Ukitoka Mafinga kwenda Mgololo, kilipo kiwanda cha karatasi cha tangu miaka ya 1980, njia nzima ni misonobari, mikaratusi na chai. Mvua zinaaga, na kila nyumba inaingoja Juni. Baridi ya nyanda hizi huleta sakitu: kunakucha nyasi za mabondeni ni nyeupe, na majani ya viazi yaliyopatwa yanageuka meusi.

Wahehe, wenyeji wa huku, hawaingoji wakiwa wamekaa. Hushuka mabondeni kulima vinyungu, matuta ya kwenye ardhi yenye unyevu, wakapanda mahindi, maharage na mboga wakati mlimani hakuna tone la mvua. Kuni hupasuliwa mapema zikakauka upenuni. Mahindi ya mbegu hutungikwa juu ya meko, moshi uyakinge na wadudu. Ulanzi, pombe ambayo hugemwa masika machipukizi ya mianzi yakiwa mabichi, unakatika, na vilabu vinarudi kwenye komoni, pombe ya nafaka.

Sisi wa Limuru na Kinangop tuna baridi ya Julai kila mwaka, na kila mwaka inatukuta hatuna kuni kavu. Tunaingiza jiko la makaa chumbani, tunafunga madirisha, halafu tunazika watu. Hilo si la kulaumu hali ya hewa.

Lakini anayejiandaa kuliko wote ni mbayuwayu wa buluu, ndege mdogo ambaye dume lake lina mkia wa nyuzi mbili ndefu. Huzalia kwenye nyasi za Mufindi na Kitulo, akijenga kwa tope na majani ndani ya mashimo ya ardhini, mara nyingi yaliyochimbwa na muhanga. Anaishi kwa wadudu wa kuruka, na baridi huwapunguza. Basi kabla ya sakitu, yapata Aprili, huondoka akaruka kaskazini mpaka kandokando ya Ziwa Victoria, akakaa huko hadi Septemba.

Na huko ni kwetu! Hifadhi ya Ruma, bonde la Lambwe, kaunti ya Homa Bay, ni mojawapo ya makimbilio yake. Wakenya huenda Ruma kumtafuta swala korongo. Sijasikia aliyekwenda kwa ajili ya mbayuwayu huyu. Nyasi za Busia, alikokuwa akifikia pia, tumezilima. Mufindi nako miti ya kupandwa imemeza sehemu ya malisho yake, ila Watanzania walau wamemwachia Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005. Sisi tuliobaki na Ruma, yenye kilomita za mraba 120 tu, twapaswa kuwakataza wanaochoma nyasi zake ovyo, na kuwafundisha watoto wa Lambwe jina la mgeni wao wa kila Aprili.