Kinachofanya lori kuukuu kuchemka likivuta trela

Lori kuukuu la dizeli laweza kwenda mwendo mrefu kwenye tambarare bila kasoro, kisha likachemka pindi linapoanza kupanda mlima likivuta trela. Wengi hukimbilia kuongeza maji au kung'oa themostati, hatua ambazo huficha ugonjwa badala ya kuutibu.

Kwenye mwinuko wa kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru, kwa mfano, injini hutumia nguvu zake zote ilhali lori linajikokota. Joto huongezeka huku upepo unaopita kwenye rejeta ukipungua, na udhaifu uliojificha hujitokeza.

Kwa hivyo, swali la kwanza ni: lori huchemka wakati gani?

Likichemka mlimani pekee, huenda rejeta imezibwa na vumbi na wadudu kwa nje, au na chumvi ya maji ya visima kwa ndani. Likichemka hata likiwa limesimama huku injini ikinguruma, feni, klachi yake au mkanda wake vikaguliwe. Iwapo mpira wa juu wa rejeta ni moto sana na wa chini ni baridi, yamkini themostati imekwama.

Kuing'oa kabisa si dawa. Katika injini nyingi, maji hupata njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila kupitia rejeta.

Kifuniko cha rejeta nacho hupuuzwa. Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100, lakini Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya bahari, huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima huongeza shinikizo ili maji yasichemke mapema. Kilicholegea hakifanyi hivyo.

Trela pia ichunguzwe. Breki zinazong'ang'ania magurudumu huilemea injini. Kitovu cha gurudumu kilicho moto kuliko vingine ni ushahidi tosha.

Dalili za kutisha ni maji kupungua bila kuvuja popote, mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, moshi mweupe usioisha, au oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hizo huashiria kuwa gasketi ya silinda hedi imeungua, au hedi yenyewe imepasuka. Lori la aina hiyo halifai kuendelea na safari.

Dereva akiona mshale wa geji ukipanda, apunguze gia na mwendo mapema, kisha aegeshe mahali salama. Asifungue kifuniko kabla injini kupoa, kwani maji hayo huruka na kumbabua mtu vibaya. Wala asimwage maji baridi ndani ya injini iliyo moto, kwani chuma chaweza kupasuka.

Mkanda wa feni ni rahisi kubadilisha. Injini iliyopasuka yaweza kumgharimu mwenye lori biashara yake.