Tramadoli Inapogeuzwa Nguvu ya Kazi

Msimu wa pamba Simiyu haumpi mtu nafasi ya kuumwa mgongo. Palizi, kunyunyizia dawa, kuchuma, kubeba mzigo hadi kwenye mizani ya ushirika: kazi nyingi ni ya mikono. Anayeumwa huenda duka la dawa, akaeleza, akapewa. Mara nyingi hutoka na panadol au diklofenaki, mambo yakaisha. Taabu huanza anapouziwa kidonge kikali bila cheti cha daktari, naye akaona kwamba licha ya kutuliza maumivu kimempa na nguvu.

Tramadoli ni mojawapo ya vidonge hivyo. Ni ya ukoo mmoja na morfini na heroini. Ini huibadili kuwa kemikali inayoshika vipokezi vilevile vya ubongo, maumivu yakapoa. Papo hapo huongeza serotonini na noradrenalini, ndiyo maana mtu hujiona mwepesi. Lakini ubongo huzoea, na dozi ya jana haitoshi leo. Akiikosa, hutoka jasho, huharisha, viungo humuuma na usingizi humruka: hiyo ndiyo arosto. Akizidisha, huweza kupata degedege au kupumua kwa shida hadi kufa, hasa akichanganya na pombe.

Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamekuta tramadoli kwenye mizizi ya mti mmoja kaskazini mwa Kameruni, wakaamini mti ndio unaoitengeneza. Mwaka uliofuata Michael Spiteller wa Dortmund, Ujerumani, na wenzake walitoa maelezo mengine: wakulima walikuwa wakimeza vidonge hivyo na kuwapa hata ng'ombe ili wahimili kulima juani. Mkojo na kinyesi viliingiza dawa ardhini, mizizi ikainyonya. Sisemi maksai wa Maswa na Itilima wanalishwa vidonge. Nasema jua ni lilelile na jembe ni lilelile, na kishawishi cha kumeza kitu ili umalize ekari ni rahisi kukielewa.

Wengi wanaomeza hawafiki kwenye sindano. Wanaofika huliweka eneo zima hatarini. Huko Austin, mji wa watu wapatao 4,000 katika jimbo la Indiana, Marekani, watu waliyeyusha vidonge vya oksimofoni, dawa halali ya hospitali, wakajidunga kwa sindano za kushirikiana. Kufikia Novemba 2015, zaidi ya watu 180 walikuwa wamegundulika na VVU katika wilaya ambayo kwa kawaida haikufikisha wagonjwa wapya watano kwa mwaka. Nasi hatuna sababu ya kuona hayo ni ya mbali: baadhi ya tafiti za Dar es Salaam miongoni mwa wanaojidunga heroini zilikuta zaidi ya theluthi walikuwa na VVU.

Tiba ipo. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, na Kanda ya Ziwa inaipata Mwanza, katika Hospitali ya Sekou Toure. Hukaa mwilini muda mrefu, ikazuia arosto bila kumlewesha mtu. Shida yake ni kwamba hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni kilomita zipatazo 70, na Mwanza bado iko mbele. Nauli ya kila siku hakuna mkulima wa kuimudu, sembuse anayetokea Meatu. Kwa maoni yangu, hospitali za wilaya zingeanza sasa kuandaa wauguzi wa kutoa huduma hii, kabla sindano haijawa desturi vijijini.

Anayetumia tayari asiache ghafla peke yake. Aende hospitali aseme ukweli, au apige 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Na ukimkuta mtu haamki, anakoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi, mlaze kwa ubavu njia ya hewa ibaki wazi, mkimbize hospitali, na kile kipakiti cha vidonge mpelekee daktari.